Kata Pete ya Gome Uione Njia ya Sukari: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila wanafunzi wanapofika kwenye mada ya usafirishaji katika mimea, maswali huwa yale yale, na wenye miti uani nao wana yao. Gome limeondolewa pande zote, mbona majani hayanyauki? Si tumefundishwa kwamba zailemu inapandisha maji na floemu inashusha sukari? Nimekata pete ya gome kwenye tawi wiki kadhaa sasa na sioni uvimbe wowote, nimekosea wapi?

Majibu yote hayo unaweza kuyasoma kwenye matawi manne ya mmea mmoja, ukiyakata ipasavyo na kuwa na subira. Jaribio lenyewe ni la zamani sana. Mwitaliano Marcello Malpighi alikwisha kulifanya katika karne ya 17: aliondoa pete ya gome kwenye shina, akaona sehemu ya juu ya jeraha ikivimba. Halihitaji maabara wala darubini. Linahitaji kisu kikali, daftari na mtu atakayekumbuka kurudi kwenye mti kila wiki.

Soma hadi mwisho kabla hujashika kisu. Gome ukishalibandua hulirudishi.

Kidogo cha nadharia, kinachotosha kazi hii

Jani hutengeneza sukari mchana. Kiasi hutumika papo hapo, kiasi huwekwa akiba ndani ya jani kwa umbo la wanga, na kinachobaki hugeuzwa kuwa sukrosi na kusafirishwa. Sukrosi ndiyo sukari ile ile ya muwa na ya kwenye chai. Njia yake ni floemu, tabaka jembamba lililo upande wa ndani wa gome. Maji na madini kutoka mizizini hupita kwingine, kwenye zailemu, ambayo ndiyo mbao yenyewe. Kati ya hizo mbili upo utando mwembamba wenye utelezi unaoitwa kambiamu. Seli zake hugawanyika na kutengeneza floemu mpya upande wa nje na zailemu mpya upande wa ndani. Kariri mpangilio huo kutoka nje kwenda ndani: gome la nje, floemu, kambiamu, mbao.

Kinachosukuma sukari ni shinikizo. Maelezo yanayokubalika hadi leo yalitolewa na Mjerumani Ernst Münch, aliyeyachapisha kitabuni mwaka 1930. Jani hupakia sukrosi kwenye mirija ya floemu. Utomvu wa humo unapokuwa mzito, maji huvutwa kutoka kwenye zailemu iliyo jirani, na shinikizo hupanda hadi kufikia mara kadhaa ya upepo wa tairi la gari. Upande wa pili wa safari, penye mzizi, tunda au chipukizi, sukari hushushwa, maji hutoka na shinikizo hupungua. Basi utomvu hutoka penye shinikizo kubwa kwenda penye shinikizo dogo, kwa kasi ambayo mara nyingi ni kati ya sentimita 30 na 150 kwa saa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa hili linaudhi kwa sababu limeingia hadi kwenye majibu ya mitihani: floemu haina amri ya kushuka. Hufuata mwenye uhitaji. Kwenye kiazi kitamu sukari hushuka kwa sababu viazi viko ardhini. Kwenye alizeti inayojaza mbegu hupanda, kwa sababu mbegu ziko juu ya majani. Jani changa lenyewe huanza kama mpokeaji, likilishwa na majani makubwa, na huanza kutoa sukari linapokaribia nusu ya ukubwa wake. Kiazi mviringo ulichokisahau stoo kikachipua kinapeleka sukari juu kwenye machipukizi, ilhali miezi michache nyuma kilikuwa kikiipokea kutoka juu. Katika mrija mmoja, kwa wakati mmoja, mkondo ni wa upande mmoja, lakini mmea mzima una mikondo inayokwenda juu na inayokwenda chini.

Nadharia imetosha.

Vinavyohitajika

- Kisu kidogo chenye makali, au wembe wenye mpini wa kukatia karatasi.
- Spiriti na pamba au kitambaa safi.
- Uzi wa pamba na rula. Sufi haifai, huvutika.
- Utepe wa karatasi na kalamu ambayo wino wake haufutiki kwa mvua.
- Nailoni angavu ya kufungia chakula, na karatasi ya foili.
- Daftari.
- Kwa kipimo cha wanga: ayodini ya duka la dawa, kikombe cha bati, sufuria, koleo ndogo na sahani nyeupe.
- Kama utataka kuvuna mche mwishoni: vumbi la makumbi ya nazi au udongo wenye mboji nyingi, na kamba.

Mmea gani, na wakati gani

Pendekezo langu la kwanza ni haibiskasi, ile ya maua mekundu makubwa inayopandwa kuwa ua wa nyumba. Gome lake lina nyuzi na hubanduka vizuri, matawi ni mengi, na majani yake ni laini kiasi kwamba kipimo cha wanga hufanyika bila taabu. Mpera, mndimu na mkomamanga pia ni mizuri kwa kukata pete, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetaka mche. Majani ya mpera ni magumu, kwa hiyo usiyategemee kwa kipimo cha wanga.

Epuka minyaa na jamii yake yote. Utomvu wao mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Mwembe na mkorosho unaweza kukuwasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu au chagua mti mwingine.

Mgomba, mnazi, muwa, mahindi na mianzi haikatwi pete kabisa. Sababu si ugumu. Mirija yao ya floemu na zailemu imefungwa pamoja katika vifungu vidogo vilivyotawanyika ndani ya shina zima, na hakuna tabaka la gome unaloweza kulibandua ukaiacha mbao salama.

Fanya kazi hii wakati wa mvua, mmea unapotoa majani mapya. Pwani na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na sehemu kubwa ya Kenya, hiyo ni masika au vuli. Kwenye mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, subiri mvua zishike. Wakati huo kambiamu iko kazini na gome hubanduka kwa urahisi. Kiangazi gome hung'ang'ania mbao, utalikwangua vipande vipande na kuijeruhi zailemu.

Onyo kabla ya hatua ya kwanza: usikate pete kwenye shina kuu la mti unaoutaka, hata kama ni "kwa majaribio tu". Pete kamili kwenye shina kuu huua mti. Hauanguki leo. Majani yatabaki mabichi kwa wiki au miezi kwa sababu maji bado yanapanda, huku mizizi ikiishi kwa akiba yake ya wanga. Akiba ikiisha mizizi hufa, maji hukoma, na hapo ndipo majani hunyauka. Watu huona mti "umekauka ghafla" wakati ulianza kufa siku gome lilipotolewa.

Hatua za kukata pete

1. Chagua matawi manne kwenye mmea mmoja, yenye unene kati ya penseli na kidole gumba, yanayopata jua linalolingana, kila moja likiwa na majani yasiyopungua 8 yaliyokomaa. Matawi yasiwe na maua wala matunda, maana hayo nayo hula sukari na yatakuchanganya.

2. Weka lebo kabla ya kukata. A ni tawi lisiloguswa. B litakatwa pete kamili na kubaki na majani. C litakatwa pete kamili na kunyang'anywa majani yote yaliyo juu ya pete. D litakatwa pete yenye daraja. Wengi hufanya B peke yake, halafu wanashindwa kumjibu anayeuliza, "Utajuaje kwamba uvimbe si kidonda tu?" Tawi C ndilo jibu. Lina kidonda kile kile, lakini halina majani ya kuleta sukari.

3. Futa makali ya kisu kwa spiriti, na rudia kila unapohama tawi. Magonjwa ya mimea husafiri kwa visu.

4. Kata mduara wa kwanza, sentimita 30 hivi kutoka ncha ya tawi, mahali palipo laini pasipo na kifundo. Zungusha kisu polepole hadi kikutane na mbao. Utahisi tofauti: gome hukatika kwa ulaini, mbao hukataa. Hapo simama.

5. Kata mduara wa pili sentimita 2 chini ya wa kwanza. Pete nyembamba kuliko hapo mmea utaiziba kabla hujaona kitu.

6. Unganisha miduara kwa mkato mmoja wa wima, inua ukingo wa gome kwa ncha ya kisu, kisha libandue kwa vidole. Ukichagua majira vizuri litatoka kipande kizima. Litazame upande wa ndani: unyevunyevu ule uko kwenye tabaka lililokuwa likipitisha sukari dakika moja iliyopita.

7. Kwangua kambiamu. Hatua hii ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko nyingine yoyote. Mbao iliyobaki wazi ina utelezi. Utelezi huo ni kambiamu, na ukiuacha utaunda floemu mpya na kurudisha njia. Tumia mgongo wa kisu, si makali, kwangua kwa upole pande zote hadi mbao isiteleze ukiipapasa, kisha ifute kwa kitambaa safi. Usichimbe. Unaondoa utelezi, huchongi mbao.

8. Kwenye tawi C, ondoa majani yote yaliyo juu ya pete. Machipukizi yakijitokeza baadaye, yang'oe kila wiki.

9. Kwenye tawi D, usikate mzunguko mzima. Acha ukanda wa gome wa nusu sentimita unaounganisha juu na chini.

10. Pima mzingo kwa uzi, sentimita moja juu ya pete na sentimita moja chini yake. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo hivyo kwenye tawi A, mahali panapolingana.

11. Funika jeraha kwa nailoni isiyobana, kisha foili juu yake, ili jua lisikaushe mbao iliyo wazi. Fungua mara moja kwa wiki, pima, funga tena.

Utakachokiona

Siku chache za kwanza hutaona chochote, na hicho chenyewe ni jibu. Majani ya B hayanyauki. Gome limekwenda, floemu imekatika, lakini maji yanaendelea kupanda ndani ya mbao. Ukimwonyesha mtoto wa sekondari jambo hilo kwa macho yake, hatasahau tena tofauti ya zailemu na floemu.

Katika wiki ya 2 hadi ya 4, ukingo wa juu wa pete kwenye tawi B huanza kututumka. Chini ya pete hakuna uvimbe kama huo. Mara nyingi macho yaliyolala chini ya pete huamka na kuchipua, kwa kuwa homoni iliyokuwa ikishuka kutoka nchani na kuyazuia nayo haipiti tena. Tawi C halivimbi, au huvimba kidogo sana. Tawi D huvimba kidogo kuliko B kwa sababu sukari imepata upenyo kwenye daraja.

Tahadhari unapoandika matokeo: usiandike kwamba "sukari imejaa kwenye uvimbe". Uvimbe si mfuko wa sukari. Ni seli mpya zilizozaliwa kwa wingi kwa sababu chakula kimerundikana juu ya pete, pamoja na homoni zilizokuwa zikishuka njia hiyo hiyo. Ukipasua uvimbe na kuulamba utaambulia ladha ya mti.

Mwenye mti wa matunda na aliye tayari kupoteza tawi moja anaweza kwenda mbali zaidi. Tafuta tawi lenye matunda machanga kuelekea nchani, ondoa majani yote yaliyo karibu na matunda hayo, kisha kata pete kati yao na majani yaliyo chini. Matunda hudumaa au huanguka, wakati majani yaliyo sentimita chache chini yake yana sukari tele. Kuna ushahidi gani mwingine wa kumshawishi mtu kwamba floemu hupandisha pia?

Kipimo cha wanga alfajiri

Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Uvimbe unaonyesha kilichotokea penye pete. Kipimo hiki kinaonyesha kilichotokea ndani ya jani lenyewe.

Hoja yake ni hii. Mchana jani huweka akiba ya wanga. Usiku, jua likiwa limezama, jani lenye afya huuvunja wanga huo kuwa sukari na kuusafirisha. Kukipambazuka jani huwa limebakiwa na wanga kidogo. Lakini jani lililo juu ya pete halina pa kupeleka. Wanga hurundikana siku baada ya siku. Kwa hiyo ukichuma majani kabla ya jua, la tawi A na la tawi B yanapaswa kutofautiana.

1. Fanya kazi hii wiki 2 hivi baada ya kukata pete. Amka mapema. Chuma jani moja la A na moja la B kabla jua halijachomoza, yenye umri unaolingana. Ukichuma saa nne asubuhi yote mawili yatakuwa yameanza kutengeneza wanga mpya na kipimo kitakosa maana.

2. Kata kikonyo cha jani la A kifupi na uache cha B kirefu, ili usiyachanganye. Lebo za karatasi hazitahimili maji ya moto.

3. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza majani kwa dakika moja. Hii huua seli na kufungua njia kwa ayodini.

4. Zima jiko kabisa. Kama ni la mkaa, lipeleke mbali. Mvuke wa spiriti hudaka moto kwa haraka ya kutisha, na watoto wameungua kwa kosa hili. Spiriti haiwekwi juu ya moto hata siku moja.

5. Mimina spiriti kwenye kikombe cha bati, weka majani ndani, kisha simamisha kikombe hicho ndani ya sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo joto la maji linatosha. Subiri hadi rangi ya kijani itoke na majani yapauke. Maji yakipoa, yabadilishe.

6. Toa majani kwa koleo. Yatakuwa yamekakamaa na yanavunjika. Yachovye kwenye maji ya vuguvugu yalainike.

7. Yatandaze kwenye sahani nyeupe na udondoshee ayodini uliyoipunguza kwa maji hadi iwe kahawia nyepesi. Subiri dakika chache, kisha suuza.

Penye wanga hugeuka buluu iliyokolea au nyeusi. Jani la A linapaswa kubaki kahawia au kuwa na mabaka hafifu. Jani la B linapaswa kukolea. Piga picha mara moja, majani yakiwa bado na unyevu.

Ayodini hutia doa kwenye nguo na vidole, na si ya kunywa. Iweke mbali na watoto wadogo.

Vidukari na wagema: mashahidi wengine wawili

Kama haibiskasi yako ina vidukari, usiwanyunyizie dawa kabla hujawatazama. Kidukari huingiza mdomo wake mwembamba hadi ndani ya mrija mmoja wa floemu, na shinikizo la mmea lenyewe humlisha. Utomvu huo una sukari nyingi na protini kidogo, kwa hiyo analazimika kupitisha mwingi ili apate anachohitaji, na ziada ya sukari hutoka nyuma yake kama matone matamu. Ndiyo maana sisimizi humfuata, na ndiyo maana majani ya chini hunata na kushika ukungu mweusi. Mwaka 1953 watafiti Kennedy na Mittler walionyesha kwamba ukimkata kidukari na kuuacha mdomo wake umechomeka, utomvu huendelea kutoka. Hadi leo ni moja ya njia safi kabisa za kupata utomvu wa floemu.

Na kule pwani, mgema anafanya kazi na floemu kila siku. Anaposhughulikia karara la mnazi lisilofunguka, anapochonga kipande chembamba kwa kotama asubuhi na jioni, anafungua upya mirija iliyokuwa ikipeleka sukari kwenye maua na nazi za baadaye. Haichongi upya kwa mazoea tu: floemu iliyojeruhiwa hujiziba yenyewe, na asipochonga, tembo, yaani utomvu wa mnazi, hukoma kutiririka. Yanayodondoka kibuyuni, kabla hayajachacha, ni matamu kwa sababu ni sukrosi iliyokuwa safarini. Anayetaka kujua kwa ulimi floemu hubeba nini, aombe tembo tamu la asubuhi.

Ukitaka kuvuna mche

Tawi B halina haja ya kutupwa. Chakula na homoni zilizorundikana juu ya pete ndizo zinazohitajika kutoa mizizi.

1. Ukingo wa juu ukishavimba, loweka vumbi la makumbi, likamue hadi lisidondoshe maji.
2. Lizungushie penye pete, ukifunika zaidi uvimbe, liwe na ukubwa wa ngumi.
3. Funga kwa nailoni angavu, kaza juu na chini kwa kamba, kisha funika kwa foili. Mizizi hupenda giza, nailoni angavu ni ya kukuwezesha kuchungulia.
4. Kagua kila wiki. Makumbi yakikauka, ongeza maji kidogo kupitia tundu la juu.
5. Mizizi mingi ikionekana, mara nyingi baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kata tawi chini kidogo ya pete. Ondoa nailoni, usikung'ute makumbi, panda kwenye kopo au kiriba chenye udongo mwepesi.

Yakienda kombo

*Majani ya B yamenyauka ndani ya siku chache.* Kisu kimeingia kwenye mbao na kukata zailemu, au mbao imekaushwa na jua. Tawi hilo haliponi. Anza tawi jingine, na safari hii simama unapohisi ugumu.

*Mwezi umepita, hakuna uvimbe.* Chunguza pete. Ukiona utando wa kijani au kahawia umevuka kutoka juu hadi chini, kambiamu haikukwanguliwa na njia imejengwa upya. Kama pete ni safi, angalia majani: tawi la kivulini halina sukari ya kurundika. Na kama ni kiangazi, subiri mvua.

*Hata C limevimba.* Kuna machipukizi uliyoyaacha juu ya pete. Kijani chochote kinachopata jua ni kiwanda.

*Majani ya A na B yote yamekuwa meusi.* Umechelewa kuchuma, au taa ya umeme huangaza mmea usiku kucha. Rudia kabla ya alfajiri kwenye mmea ulio gizani.

*Majani yote yamebaki kahawia.* Pengine hayakupauka vizuri na ayodini haikupenya, au kulikuwa na mawingu mazito siku kadhaa mfululizo. Rudia baada ya siku mbili tatu za jua. Jaribu pia ayodini yako kwenye tone la uji wa mahindi: isipogeuka nyeusi, imeharibika.

*Mti uani una uvimbe wa mviringo na hakuna aliyeukata.* Tafuta waya au kamba ya nailoni iliyozama ndani ya gome: ya kuanikia nguo, ya kufungia mbuzi, ya bango. Mti ukinenepa, kamba hubana floemu taratibu na kufanya kazi ile ile ya pete. Ikate leo, hata kama huwezi kuitoa yote. Mbuzi waliotafuna gome pande zote ni hatari zaidi, lakini ukanda mwembamba uliobaki mzima unaweza kuokoa mti. Ulinde, funika jeraha lisipigwe na jua, na zuia mbuzi wasirudi.

*Mche umenyauka baada ya kukatwa.* Mizizi ni michache kuliko majani yanayodai maji. Punguza majani kwa nusu, weka mche kivulini kwa wiki 2 au 3, mwagilia kidogo kidogo, na usiutoe juani hadi utoe jani jipya.